Stakabadhi ya marehemu: barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa ya Moshi

Baba maaskofu, wachungaji, mapadri, wainjilisti na wazee wa kanisa,

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Shalom. Nimeweka salamu zote tatu ili asiwepo wa kusema barua hii ni ya wale wa ng'ambo ya mto.

Ninapoandika, mbele yangu pana stakabadhi. Ni ya kile kitabu cha kawaida cha dukani chenye karatasi ya kaboni, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, na muhuri umegongwa upande. Palipoandikwa "Imepokelewa kutoka kwa" kuna jina la mdogo wangu. Palipoandikwa "Kwa ajili ya" kuna maneno mawili: ahadi, miaka 3. Tarehe yake ni Alhamisi. Mdogo wangu alifariki Jumatatu.

Sitautaja usharika. Nikiutaja, mtasema ni shida ya usharika ule, na wengine wote mtapumua. Nami nimezunguka misibani vya kutosha huku mlimani kujua kwamba daftari hili la madeni ya sadaka halina dhehebu. Kwa wengine linaitwa bahasha, kwa wengine zaka, kwa wengine fungu la kumi.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa Hiace, Moshi na Marangu, Marangu na Moshi. Gia boksi ilipokufa, gari lilipandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na kuku wakapata pa kutagia. Toka hapo alikuwa mtu wa vibarua. Mbege alikunywa, sikatai. Kanisani alikuja Krismasi na Pasaka, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na kabla ya matangazo alikuwa ameshatoka. Simpaki rangi. Mnamjua mtu wa namna hiyo, kila mtaa unaye.

Kiongozi wetu wa jumuiya alipokwenda ofisini kupanga mazishi, kilichofunguliwa kwanza kilikuwa kitabu cha bahasha. Nilikuwepo, nimekaa kwenye fomu pale ukutani. Karani alilamba kidole, akafunua, akateremka na namba hadi akaifikia ya mdogo wangu. Visanduku vyeupe kuanzia Januari hadi Desemba. Akafunua kitabu cha mwaka uliotangulia, vyeupe. Akakigeuza kuelekea kwetu, kwa upole kabisa, kama daktari anayeonyesha picha ya mfupa uliovunjika. Tukaambiwa hesabu zikiwekwa sawa, mwili utaingia kanisani na mchungaji atakuja. Zisipowekwa sawa, basi, mtaona wenyewe.

Tulizitoa kwenye rambirambi. Fedha ambazo majirani walizitia kwenye beseni ili mjane anunue unga, tulizihesabu juu ya kanga, tukazipeleka ofisini, tukarudi na karatasi hii.

Jumamosi mwili uliingia kanisani, kwa kuwa sasa ulikuwa umelipa. Kisha tukaenda kihambani, shamba la nyumbani. Mwezi wa saba mnaujua: ukungu, manyunyu, udongo unakwama viatuni, migomba inadondosha maji shingoni kwa watu. Mhubiri alikuwa mgeni. Alisoma Waebrania 9:27, "Na kama vile watu wanavyowekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu", akaifunga Biblia na kuipiga kofi. Akasema, tusidanganyane wapendwa, mwenzetu huyu pale alipo sasa akipewa dakika moja tu angerudi kutuonya. Watu wakaitikia "Amina", wengine kwa mazoea tu. Mjane aliinamisha kichwa. Mwanawe wa kike, yuko darasa la sita, alikuwa amenishika mkono na hakuuachia mpaka taji la mwisho lilipowekwa.

Usiku ule, tumelala wanne kitanda kimoja kama ilivyo misibani, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Shangazi, baba anaungua sasa hivi, au bado wanasubiri?"

Nilifundisha Shule ya Jumapili miaka 26. Sikuwa na jibu.

Ajabu ni kwamba swali hilohilo wanaume wazima walikuwa wamelishindania turubaini usiku wa Alhamisi, na wao walistarehe nalo. Naomba niwasimulie, maana ndipo nilipoona mnachoweza kujifunza kutoka kwetu.

Palikuwa na shemeji yangu wa Kibosho, Mkatoliki wa rozari mkononi. Palikuwa na mjomba kutoka Same, Msabato. Kwao huko Upare Wasabato wapo tangu 1903, na yeye huona haya ukimkaribisha chai ya majani, mpaka umpikie mchaichai. Na palikuwa na mpwa wangu, fundi simu pale Arusha, aliyeokoka miaka michache iliyopita na bado ana moto wake. Moto wa magogo ulikuwa unafuka. Mpwa wangu ndiye aliyeanza: mtu akifa leo, leo hii yuko mahali, ama huku ama kule. Ushahidi wake Luka 23:43, mnyang'anyi msalabani: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Ondoa mkato," akasema. "Usomeke hivi: Amin nakuambia leo, utakuwa pamoja nami peponi. Leo ni siku ya kuambiwa, si siku ya kufika." Akaongeza Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lo lote. Wamelala, wanangoja parapanda.

"Lakini mjomba, imeandikwa *leo hivi*. Hiyo 'hivi' utaipeleka wapi?"

"Hiyo 'hivi' imetiwa na waliotafsiri Kiswahili. Kigiriki kina 'leo' tu."

Na ni kweli. Zaidi ya hapo, hati za kale za Kigiriki ziliandikwa kwa herufi kubwa zilizobanana, bila mkato kama huu wetu. Aliyeuweka mkato ni mtu aliyekuja baadaye, akiwa tayari na imani yake kuhusu wafu. Sisemi mjomba ameshinda. Kwingine kote Yesu anaposema "Amin, nakuambia" haongezi "leo", kwa hiyo wengi husoma kama mpwa wangu, nami nasoma hivyo. Lakini nilipenda kuona watu wawili wakishikana mashati juu ya alama ndogo kama chawa, kisha mmoja anammiminia mwenzake mchaichai.

Shemeji akaingia na 1 Wakorintho 3:15, yule ambaye kazi yake inateketea ila mwenyewe ataokolewa, "lakini ni kama kwa moto". Hapo ndipo toharani, roho zinakotakaswa kwanza, akasema, na ukitaka zaidi soma Wamakabayo wa Pili. Mpwa akasema kitabu hicho hakimo. "Kwako," shemeji akajibu. "Biblia yako ina vitabu 66, yangu 73. Usinilaumu kwa kununua iliyo nene." Kisha akanigeukia mimi, maana ananijua Mlutheri. Akaniuliza maneno "imani peke yake" yako wapi katika Biblia nzima. Nikajua ananipeleka wapi. Yako Yakobo 2:24, nayo yanasema "si kwa imani peke yake". Ile "peke yake" ya Warumi 3:28 Luther aliitia mwenyewe alipotafsiri Kijerumani, na Waraka wa Yakobo aliuita wa majani makavu. Nikamjibu kwamba mwaka 1999, tarehe 31 Oktoba, wakubwa zake na wakubwa zangu walikaa Augsburg wakatia sahihi kwamba kuhusu kuhesabiwa haki kwa neema hatuna tena sababu ya kulaaniana. Akasema hakuna aliyewatangazia hilo Kibosho. Nikasema hata kwetu.

Tulikesha hivyo. Wanne, madhehebu manne, maiti ndani. Na katika maneno yote yale hakuna aliyesema mdogo wangu yuko wapi. Kila mmoja alikuwa na fundisho lake kuhusu wafu, tena kwa mistari, lakini lilipokaribia jina la mtu, wote walipunguza sauti. Hata mpwa wangu na moto wake. Ilibidi tusubiri mwenye joho, siku ya Jumamosi, atuletee hukumu iliyokamilika.

Sasa turudi Waebrania 9, maana nilipofika nyumbani niliufungua mlango ule mhubiri alioufunga kwa kofi. Sentensi haijaisha pale. Inaendelea mstari wa 28: "kadhalika Kristo naye, akiisha kutolewa sadaka mara moja azichukue dhambi za watu wengi". Neno lenyewe, "mara moja", limetajwa juu ili lirudiwe chini. Watu hufa mara moja. Na Kristo alitolewa mara moja, inatosha. Mwandishi alikuwa anaieleza sadaka ya Kristo, na kifo chetu amekichukua kama mfano wa kupitia. Kumsomea mfiwa nusu ile ya kwanza na kumnyima ya pili ni sawa na kumsomea mshtakiwa mashtaka kisha kuificha karatasi ya dhamana.

Na Luka 16, ya tajiri na maskini Lazaro, ambako mhubiri aliitoa ile "dakika moja angerudi kutuonya". Kama ni mfano au ni habari iliyotukia, tutabishana mpaka parapanda. Wanaosema imetukia hushikilia kwamba Lazaro ametajwa kwa jina, jambo lisilo la kawaida katika mifano. Lakini kosa la tajiri halina ubishi. Maskini alilala mlangoni pake ana vidonda, yeye akala. Hatuambiwi kwamba tajiri hakuhudhuria ibada. Anayeogopesha watu kwa hadithi ile makaburini angeangalia kwanza nani amelala mlangoni pake. Kwa upande wetu alikuwa mjane mwenye beseni tupu.

Hapa nawageukia hasa ninyi mlionilea. Kila tarehe 31 Oktoba tunaimba "Mungu wetu ndiye boma" hadi madirisha yanatetemeka, tukikumbuka hoja 95 za Luther za mwaka 1517. Mara ya mwisho mlizisoma lini? Hoja ya 27 inawakemea wanaohubiri kwamba sarafu ikilia kisandukuni, roho inaruka na kutoka toharani. Ya 28 inasema sarafu ikilia, hakika kinachoweza kuongezeka ni tamaa. Ama maombezi ya kanisa, matokeo yake yako katika mapenzi ya Mungu peke yake. Nimeiweka stakabadhi yangu kando ya hoja hizo mbili. Marehemu amelipa. Milango imefunguka. Tofauti iliyopo ni kwamba vile vyeti vya msamaha vilivyouzwa enzi za Luther angalau viliahidi nafuu kwa roho. Sisi tulilipa, na roho ikapelekwa motoni vilevile.

Na tuliwakaririsha watoto Katekisimo Ndogo, mimi mwenyewe nikiwa na fimbo ya kuelekezea ubaoni: kwamba kwa akili zangu wala kwa nguvu zangu siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, ila Roho Mtakatifu ameniita. Mtoto asipolikariri hilo hapati Kipaimara. Akiisha kulikariri, anapewa namba ya bahasha.

Najua mtakayosema, na mengine ni ya haki. Paa la kanisa halijiezeki. Mwinjilisti ana watoto shuleni. Ahadi aliitoa mwenyewe kwa mkono wake, na mtu mzima hutunza neno. Tena kuna wenye uwezo wanaojificha nyuma ya maskini. Nidhamu ya kanisa ni jambo la zamani, wala sisemi livunjwe. Mdeni mfuateni akiwa hai, mkalie kwenye kigoda chake, mkamuulize kulikoni. Kwa miaka mitatu ya visanduku vyeupe hakuna mzee wa kanisa aliyekuja kuuliza gari limepatwa na nini. Namba iliwatosha.

Wala siwaombi muache kuhubiri hukumu. Sipendi mahubiri ya siku hizi yanayotupaka mafuta mgongoni. Hukumu ihubirini, lakini ihubirini ilivyoandikwa. Mathayo 25 ndiyo siku ile yenyewe, kondoo kuume na mbuzi kushoto (huku kwetu tunakompa mbuzi heshima ya ndafu, watoto walikuwa wananihoji sana juu ya hilo). Maswali yanayoulizwa pale yako wazi: nalikuwa na njaa, nalikuwa na kiu, nalikuwa mgeni, mgonjwa, kifungoni. Na waliosimama kuume wanashangaa, wanauliza lini tulikuona. Walioshoto nao wanashangaa. Hakuna hata mmoja aliyejua upande wake mapema. Mhubiri wetu alijua hata wa mwenzake.

Nilipofika hapa katika rasimu ya kwanza nilitaka kuandika kwamba ile Hiace ilipokuwa nzima, wajawazito wangapi iliwashusha hospitali ya KCMC usiku wa manane bila nauli. Nikaandika ukurasa mzima. Kisha nikaufuta, kwa sababu niliona nafanya kazi ileile ya karani: nafungua daftari langu, nalamba kidole, namtafutia mdogo wangu visanduku vilivyojaa. Yule mnyang'anyi hakuwa na hata kimoja. Mdogo wangu namwachia huyohuyo aliyeachiwa mnyang'anyi.

Kitu kingine kinanisumbua. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu walipanda Kilema. Mwaka 1893 wamisionari Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame. Baada ya hapo mto ndio uliokuamulia. Ukizaliwa huku ni Mlutheri, ukizaliwa kule ni Mkatoliki, na babu yako aliyekuchagulia alikuwa anatafuta shule. Tukijua hivyo, ule uhakika wa kusema nani yuko ndani na nani yuko nje tunautoa wapi? Na kabla ya hao wote wazee wetu walikuwa na sale. Aliyekosa alichukua jani la sale akampelekea aliyemkosea, au akamtuma mtu. Ukishaletewa sale hukuulizwa kama una hasira bado; ulisamehe, ndivyo ilivyokuwa. Wala aliyeleta hakuulizwa kwanza amalize deni. Sale bado imeota mipakani mwa vihamba vyetu vyote, mnapita kando yake mkienda kuzika.

Msidhani haya ni manung'uniko ya mwanamke mmoja aliyefiwa. Tarehe 1 Februari 2020, hapahapa Moshi, katika Uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2023, walifukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Nami nawaheshimu waliokufa, siwalaumu. Nauliza tu: mtu aliyelelewa akijua kwamba pepo ina karani na hukumu ina makato, akaja mtu kumwambia iko njia ya haraka, kwa nini asikimbie? Na mtu ambaye hajawahi kuruhusiwa kumuuliza mchungaji "mstari unaofuata unasemaje?", atamuuliza vipi nabii?

Ninachoomba kinajulikana. Kitabu cha bahasha kisifunguliwe nyumba ikiwa na maiti. Deni la sadaka life na mwenye deni. Fedha zetu zirudishwe kwa mjane, stakabadhi ninayo, nitaileta. Anayesimama kaburini asome sura mpaka itulie, na asithubutu kutaja alipo marehemu, awe anamtuma juu au chini. Maana hata hao mnaowaimbia "ametangulia mbinguni" kwa kuwa walijenga mnara wa kengele, nao ni hukumu ileile imevaa suti. Na mtupe saa moja ya maswali. Yale mafundisho ya Jumatano, ambako mchungaji anasema dakika 50 na sisi tunasema amina dakika 1, yageuzwe. Mleteni hata Msabato. Mchaichai upo.

Na lile la mtoto. Nilimwambia usiku ule alale, tutaongea asubuhi, na asubuhi nikajishughulisha na vyombo. Tangu hapo hajaniuliza tena, lakini Jumapili anasema tumbo linamuuma. Hukumu ile ilitolewa katika ibada yenu, hata kama mhubiri alikuwa mgeni, na kipaza sauti kilikuwa cha kwenu. Kwa hiyo naomba mmoja wenu aje amjibu yeye mwenyewe. Asije na gari lenye bendera wala na kwaya. Shule zitafungwa karibuni, mchana huwa yuko nyumbani anachambua maharage nje, na jiwe la kukalia lipo kando ya ile Hiace. Aje na Biblia, awe amesoma mstari wa 28.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu wa Shule ya Jumapili,
Moshi